Kanuni ya "nahodha pekee" haijaziba mdomo wa klabu

Wengi waliufahamu mwongozo wa "nahodha pekee" kwenye Euro 2024, pale UEFA ilipoelekeza kwamba mchezaji mmoja tu wa kila timu ndiye atakayemsogelea mwamuzi kuuliza juu ya uamuzi. Kuanzia msimu wa 2025/26 mwongozo huo umo ndani ya kitabu cha sheria za soka cha IFAB, chombo kinachotunga sheria za mchezo huu, kama jambo la hiari kwa kila mashindano, na ligi za ridhaa nazo zinaruhusiwa kuutumia. Pembeni mwa viwanja umepata tafsiri moja: waamuzi wamepewa kinga, klabu zimefungwa mdomo. Tafsiri hiyo si sahihi, na madhara yake ni makubwa kuliko ya kanuni yenyewe. Kilichofungwa ni mlango ambao haukuwahi kumfikisha mtu popote. Milango inayofanya kazi iko wazi kama zamani. Tatizo ni kwamba klabu nyingi za ridhaa haziijui, au huigonga muda ukiwa umepita, au hupeleka kwenye mlango mmoja shauri la mlango mwingine.

Mwongozo wenyewe haukatazi mchezaji kuongea na refa. Maneno ya kawaida kati yao yanaruhusiwa kama ilivyokuwa. Kinachokatazwa ni kundi kumzunguka, na mchezaji asiye nahodha kumfuata kwa ubishi baada ya uamuzi mzito, jambo ambalo adhabu yake ni kadi ya njano. Kwenye ligi za ridhaa zilizochagua kutumia utaratibu wa kumtoa mchezaji kwa muda, ubishi huo unaweza kumgharimu dakika 10 nje ya uwanja katika mechi ya dakika 90. Kuna kipengele kimoja ambacho timu hukisahau kila mara: kama nahodha ni kipa, timu hutaja mchezaji wa ndani atakayekwenda kwa refa kwa niaba yake, na hutajwa wakati wa kurusha sarafu. Asipotajwa, penalti ikitolewa upande wa pili nahodha yuko golini kwake mita 80 na zaidi kutoka kwenye tukio, anayekwenda ni yule mwenye hasira kuliko wote, na kadi inatoka.

Kelele za wachezaji saba hazijawahi kubadilisha uamuzi kwa sababu iliyoandikwa kwenye Sheria ya 5. Uamuzi wa refa juu ya matukio ya mchezo, pamoja na kama goli limeingia au halikuingia, ni wa mwisho. Anaweza kuubadilisha akigundua amekosea au akishauriwa na msaidizi wake, lakini si baada ya mchezo kuanzishwa tena, wala baada ya kumaliza kipindi na kutoka uwanjani. Kwa maneno mengine kuna dirisha, na kwa kawaida ni la sekunde 20 au 30, kati ya filimbi na mpira kupigwa tena. Nahodha anayejua kazi yake hulitumia dirisha hilo kwa swali moja: "Mwamuzi, umeadhibu kosa gani, na mchezo unaanzaje?" Swali hilo halimshushii refa heshima, linampa nafasi ya kujisikia mwenyewe akijibu, na kama amechanganya sheria, hapo ndipo anapokumbuka. Na asipokumbuka, jibu lake ndilo litakalosimama kama ushahidi baadaye. Watu saba wakipiga kelele kwa pamoja, sekunde zote hizo zinaliwa na kuwarudisha nyuma.

Malalamiko juu ya uamuzi yako ya aina tatu, na kila moja lina njia yake na matokeo yake. Ya kwanza ni uamuzi wa tukio: ilikuwa faulo au haikuwa, ameotea au hajaotea, mpira umegusa mkono au kifua. Hapa rufaa haibadilishi matokeo, hata kama dunia nzima imeona. Novemba 18, 2009 Thierry Henry aliuweka mpira sawa kwa mkono kabla ya William Gallas kufunga, Ufaransa ikaenda Kombe la Dunia na Ireland ikabaki nyumbani. Ireland waliomba mechi irudiwe, FIFA ikakataa. Kama mkono uliorushwa na televisheni za mabara yote haukutosha kurudisha mechi, klabu ya ridhaa haina sababu ya kulipa ada ya rufaa kwa ajili ya faulo ya dakika ya 70.

Aina ya pili ni kukosea sheria, na hii ndiyo inayopuuzwa zaidi ingawa ndiyo yenye nguvu. Hapa refa ameona tukio sawasawa, ila ametumia adhabu isiyo yake. Aprili 2015, kwenye mechi ya kufuzu ya wasichana chini ya miaka 19, England walikuwa nyuma kwa 2–1 dhidi ya Norway walipopata penalti dakika ya 96. Wakafunga, lakini mwenzao mmoja alikuwa ameingia ndani ya boksi mapema. Sheria ilitaka penalti irudiwe. Refa akawapa Norway mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja. UEFA iliagiza timu zirudi uwanjani siku tano baadaye na kuanzia pale pale penye penalti. Leah Williamson akafunga, sekunde zilizobaki zikachezwa, mechi ikaisha 2–2. Hakuna aliyebishana kama mchezaji aliingia mapema au la. Kilichoamuliwa ni kama kitabu kilifuatwa.

Kosa hilo hilo lilitokea Septemba 2005 kwenye mechi ya Uzbekistan na Bahrain ya kufuzu Kombe la Dunia, na hatima yake inafaa kusomwa na kila katibu wa klabu kabla ya kushika kalamu. Uzbekistan, wakiongoza 1–0, walifunga penalti, mwenzao akawa ameingia boksi mapema, na badala ya penalti kurudiwa Bahrain wakapewa mpira wa adhabu. Mechi iliisha kwa ushindi huo wa 1–0. Uzbekistan wakalalamika wakitaka wapewe ushindi wa 3–0. FIFA ilikubali kwamba refa amekosea sheria, kisha ikafuta mechi nzima na kuamuru irudiwe. Marudio yakaisha 1–1, mechi ya Bahrain ikawa 0–0, na Bahrain wakasonga kwa goli la ugenini. Uzbekistan walishinda hoja wakapoteza ushindi waliokuwa nao mkononi.

Aina ya tatu ni uadilifu: refa ana uhusiano na timu moja, amepokea kitu, ametoa lugha ya matusi, au kuna kila dalili ya kupanga matokeo. Novemba 2016 Afrika Kusini iliifunga Senegal 2–1 kwenye mechi ya kufuzu, moja ya magoli likiwa la penalti ya mkono wakati mpira ulikuwa umemgonga Kalidou Koulibaly wa Senegal gotini. Kwa sura ya nje hilo ni kosa la tukio tu, la aina ya kwanza. Lakini uchunguzi ulihusisha mwenendo wa kamari kwenye mechi hiyo, refa akafungiwa maisha kwa kupanga matokeo, na mechi ikarudiwa Novemba 2017, Senegal wakashinda 2–0. Kilichofuta mechi ile si ubaya wa penalti. Shauri la uadilifu linahitaji ushahidi wa nje ya uwanja, na ndiyo maana barua inayosema "refa alinunuliwa" kwa hoja ya penalti moja tu huiweka klabu yenyewe hatarini kushtakiwa kwa kuchafua jina la mtu.

Barua nyingi za klabu za ridhaa huchanganya aina zote tatu kwenye ukurasa mmoja: alitunyima penalti, hakutoa kadi nyekundu baada ya njano ya pili, na ni rafiki wa kocha wao. Kamati inayosoma barua hiyo huona la kwanza haliwezekani, la tatu halina ushahidi, na huitupa yote pamoja na la pili ambalo lilikuwa halali kabisa. Kadi ya pili ya njano isiyofuatwa na nyekundu, mchezaji akabaki uwanjani, ni kosa la sheria. Goli lililokubaliwa moja kwa moja kutoka mpira wa kurusha, pia. Vivyo hivyo mchezaji aliyebadilishwa akarudi kucheza kwenye ligi ambayo kanuni zake haziruhusu. Haya ni machache kwa msimu, lakini ndiyo yenye meno.

Upande wa pili, sehemu kubwa ya kelele za "hajui sheria" hutoka kwa watu waliosoma kitabu cha zamani. Tangu 2019 mpira wa kudondosha hupewa mchezaji mmoja tu na wengine wote hukaa mita 4, lakini bado utasikia benchi likidai wagombee wawili. Kuanzia msimu wa 2025/26 kipa anayekaa na mpira mikononi zaidi ya sekunde 8 huadhibiwa kwa kona, na refa huhesabu sekunde 5 za mwisho kwa mkono ulioinuliwa. Waliozoea sekunde 6 na mpira wa adhabu ndani ya boksi huona refa amechanganyikiwa, wakati waliochanganyikiwa ni wao. Klabu ichague mtu mmoja asome mabadiliko ya sheria kabla ya msimu kuanza. Ni kurasa chache, na zinaokoa ada nyingi.

Kwa kosa la sheria, utaratibu huanza uwanjani. Kanuni za Kombe la Dunia zimekuwa zikitaka malalamiko juu ya tukio la mchezoni yatolewe na nahodha kwa refa papo hapo, kabla mchezo haujaendelea, mbele ya nahodha wa upande wa pili, kisha yathibitishwe kwa maandishi ndani ya saa mbili baada ya mechi. Ligi ya ridhaa inaweza kuwa na muda mrefu zaidi au masharti mepesi, na hapo ndipo kanuni za ligi yako, si sheria 17 za mchezo, zinapotawala. Fungua kipengele cha rufaa ujue mambo manne: saa ngapi, kwa nani, kwa ada gani, na nani anatia sahihi. Mara nyingi ni katibu. Barua ya kocha iliyofika kwa wakati hukataliwa kwa sababu hiyo tu, na ya katibu iliyofika asubuhi moja baadaye hukataliwa vilevile. Klabu hulalamika kwamba zimeonewa kwa mambo ya karatasi. Hapana. Mpinzani naye ana haki ya kujua lini matokeo yake yamekuwa yake.

Barua yenyewe haihitaji zaidi ya ukurasa. Taja mechi, tarehe na uwanja, dakika, matokeo yalivyokuwa wakati huo, mchezo ulikuwa katika hali gani, refa alitoa ishara gani, alimjibu nini nahodha, na mchezo ulianzishwaje. Hilo la mwisho husahaulika kuliko yote, nalo ndilo uthibitisho: refa anaweza kusahau alichosema, lakini namna mpira ulivyoanzishwa watu wengi wameiona. Kisha andika namba ya sheria iliyokosewa, ilitaka nini, na kosa hilo liliathirije mechi. Mwisho, sema unaomba nini, na hapo ukumbuke Uzbekistan. Ukiwa umeshinda au umetoka sare nzuri ugenini, kuomba mechi ifutwe ni kuweka pointi zako mezani. Maneno kama "wizi", "aibu" na "kila mtu aliona" hayaongezi chochote, na mara nyingi huwa ndiyo sehemu pekee ya barua ambayo kamati huijibu.

Hoja inayoonekana nzito siku hizi ni ya simu. Kila mechi ina mtu anayerekodi, kwa hiyo, watu husema, ushahidi upo, kwa nini usitumike? Kwa kosa la sheria video inasaidia sana, kwa sababu inaonyesha mchezo ulivyoanzishwa na kadi zilizotoka. Kwa kuotea haifai karibu kabisa, na sababu ni hesabu tu. Chukua anayerekodi akiwa pembeni, mita 2 nyuma ya beki wa mwisho, upande wa katikati ya uwanja. Beki yuko mita 20 kutoka kwake kwa upana wa uwanja, mshambuliaji mita 40. Mshambuliaji anayeonekana kwenye kioo amelingana sawasawa na beki, kiwanjani amemzidi kwa mita 2 nzima. Arekodi kutoka mita 2 mbele ya beki, upande wa goli, na aliyelingana kweli ataonekana ameotea. Ongeza kasi: simu nyingi huchukua picha 30 kwa sekunde, na mchezaji anayekimbia mita 8 kwa sekunde husogea sentimita 27 kati ya picha moja na inayofuata. Kama beki anapanda wakati mshambuliaji anashuka, pengo kati yao hubadilika zaidi ya nusu mita huku mpira ukitoka mguuni katikati ya picha mbili. Picha iliyosimamishwa na kuchorwa mstari mwekundu inaonekana kama hati ya mahakama, na kumbe ni makadirio ya mtu aliyekaa mahali pabaya. Ukipeleka video, peleka yote bila kukata, kuanzia angalau dakika moja kabla ya tukio hadi mchezo unapoanzishwa. Kipande cha sekunde 9 kilichokatwa humwambia msomaji kwamba kuna kitu umekificha hata kama hukukificha.

Kuna wanaosema waamuzi wa ridhaa waachwe kabisa, kwa kuwa wanajitolea au wanalipwa nauli tu, na wakisumbuliwa wataacha. Nusu ya hoja hiyo ni kweli. Refa wa ridhaa mara nyingi yuko peke yake, bendera zimeshikwa na watu wa klabu zenyewe, anaamua kuotea akiwa nyuma ya mchezo badala ya kuwa sambamba na mstari. Kumdai usahihi wa refa mwenye wasaidizi wawili na chumba cha video ni kutomtendea haki. Lakini kujitolea hakumwondolei mtu wajibu wa kuujua mchezo anaouchezesha, na kinachowafukuza waamuzi ni kutukanwa na kufuatwa hadi kwenye gari. Hakuna anayeacha filimbi kwa sababu ya barua ya heshima iliyofika kamati siku mbili baada ya mechi.

Hoja dhaifu kuliko zote ni kwamba bila kelele refa hajifunzi. Kelele hupigwa kwa uamuzi sahihi na usio sahihi kwa sauti ile ile, na mara nyingi ule sahihi ndio hupigiwa zaidi. Mtu hawezi kujifunza kutoka kwa kipimo kinachosema "umekosea" kila wakati. Anachoweza kujifunza nacho ni maelezo ya mwenendo: kwamba hukaa kwenye duara la katikati hadi krosi ipigwe, kwamba hutoa kadi ya kwanza baada ya faulo ya tano ya mchezaji yule yule, kwamba hapulizi filimbi kwa mkwatuo wa nyuma kipindi cha kwanza kisha anatoa nyekundu kwa mkwatuo uleule kipindi cha pili. Barua ya aina hii haiombi matokeo yabadilike, haina ada, na haina uhusiano na nani alishinda. Uzito wake uko kwa mratibu wa waamuzi: klabu tatu zisizojuana zikiandika jambo moja juu ya refa mmoja ndani ya wiki sita, anajua ampeleke mkufunzi gani akamwangalie, na aangalie nini.

Hoja nzito kweli ni ya hofu. Klabu ndogo huogopa kwamba ikilalamika, refa huyo huyo au rafiki yake atapangwa kwenye mechi yake wiki mbili zijazo. Hofu hiyo ina msingi pale ambapo mtu mmoja ndiye anayepanga waamuzi, anayepokea malalamiko na anayeyaamua, hali iliyo ya kawaida kwenye ligi zinazoendeshwa na watu wanne. Hapa mzigo ni wa ligi. Anayepokea barua asiwe anayepanga waamuzi, hata kama ni mweka hazina tu amepewa jukumu hilo. Refa asipangwe kwenye mechi ya klabu iliyomlalamikia hadi shauri limejibiwa. Jibu litolewe ndani ya siku zilizotajwa kwenye kanuni, kwa maandishi, hata likiwa la mistari mitatu. Ligi inayokaa kimya ndiyo inayozalisha video za mistari myekundu. Refa akiwa na umri chini ya miaka 18, klabu isiwasiliane naye kabisa kwa njia yoyote: barua iende kwa ofisa wa ligi, na mazungumzo yafanyike mbele ya mzazi au mkufunzi wake.

Alama ambazo klabu huwapa waamuzi baada ya mechi zingeweza kuziba sehemu ya pengo hili, lakini zilivyo sasa zinapima matokeo zaidi ya uamuzi. Aliyeshinda anatoa 80 kwa 100, aliyefungwa anatoa 45. Kudai maelezo kwa alama ya chini peke yake hufundisha klabu kuandika 61 pale ambapo mpaka ni 60. Afadhali maelezo yadaiwe pia kwa alama za juu sana, na mratibu aziangalie alama zilizotolewa na timu zilizofungwa zikawa nzuri, na zile za timu zilizoshinda zikawa mbaya. Hizo ni chache, na karibu zote zina jambo ndani yake. Klabu iliyoshinda 3–0 ikaandika kwamba refa hakuwalinda wachezaji wa pande zote mbili haina pointi inayoitafuta.